Moto au baridi? Dagaa wa Kigoma, mawese na chupa ya bia

"Moto au baridi?" Mgeni kutoka nje akiulizwa hivyo baa hudhani anaulizwa habari ya chai. Mtanzania anajua kwamba bia ya moto ni ile iliyotoka kwenye kreti moja kwa moja, haijaonja friji. Kwa miaka yote niliyokunywa bia jibu langu lilikuwa moja: baridi, tena ile iliyolala chini kabisa. Wazee wanaoagiza ya moto nilikuwa nawacheka kimoyomoyo. Nilikoma kuwacheka Kigoma, mtaa wa Mwanga, kwenye baa ya viti vya plastiki, mbele ya sahani ya dagaa waliokaangwa kwa mawese.

Dagaa hawakuwa na kosa. Wakavu, wekundu wa udongo wa tofali, ukimshika mmoja mkia unakatika kwa mlio mdogo. Nikala kiganja cha kwanza, nikapiga funda la bia ambayo chupa yake ilikuwa inatoka jasho, na papo hapo kinywa kikabadilika. Kwenye kaakaa kukaganda kitu kama nta ya mshumaa. Ulimi ukawa mzito. Funda la pili halikuiondoa ile nta, liliiongezea tabaka. Meza ya jirani alikaa mzee na sahani kama yangu na chupa yake ya moto, anatafuna, anakunywa, anapiga soga, hana habari.

Nikamsalimu, akaitikia marahaba, akaitazama chupa yangu. "Hiyo baridi yako kanywee karanga," akasema, akarudi kwenye soga zake.

Sikupata maelezo zaidi ya hayo, na ndiyo yaliyonipeleka Ujiji kesho yake kutafuta mtu wa kunionyesha sahani ile inatengenezwaje tangu mwanzo. Watu wengi wakifika Ujiji huenda kwenye jumba la kumbukumbu, wakaoneshwa miembe na mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, wakapiga picha, wakarudi mjini kula chipsi kuku. Sina ugomvi na Livingstone. Ila chipsi kuku ziko hata Kibaha.

Tuanze na samaki, kwa sababu nusu ya kazi ya kukaanga humalizika kabla karai halijawekwa jikoni. Jina dagaa wa Kigoma linafunika samaki wawili: Stolothrissa tanganicae, mdogo, ambaye hata akikua sana hazidi sentimita 10 hivi, na Limnothrissa miodon, mkubwa kidogo wa kumzidi. Wote ni wa ukoo wa saradini, ukoo wa baharini uliojikuta kwenye ziwa lililo karibu kilomita 1,000 kutoka bahari ya Hindi. Ndugu zao wa karibu wako kwenye mito ya Kongo na Afrika Magharibi. Dagaa wa Mwanza hana undugu huo. Ukimpanga kwa nasaba yuko karibu zaidi na ningu. Kwa hiyo anayeuliza sokoni Kariakoo kwa nini wa Kigoma bei yake imesimama, jibu la kwanza ni kwamba hao ni samaki wa aina mbalimbali waliopewa jina moja.

Wanavuliwa usiku, kwa taa. Mchana hushuka chini, usiku hupanda kufuata vijidudu wanavyokula, na mwanga huwakusanya juu ya wavu. Zamani ulikuwa moto wa kuni au nyasi, zikaja karabai, sasa ni taa za sola. Simama Kigoma usiku wa giza utazame ziwani: utadhani kuna mji wa pili ng'ambo ya bandari. Mbalamwezi ikikomaa mji ule unazimika, maana taa haishindani na mwezi, na samaki hawakusanyiki. Mama wa Ujiji aliyenifundisha hana kalenda ukutani kwake, lakini siku za mwezi mpevu anazijua kwa bei ya dagaa.

Asubuhi samaki wanashuka mwaloni, Kibirizi upande wa kaskazini mwa mji au Katonga kuelekea kusini, na hapo kazi inapita kwa wanawake. Wanamwaga, wanatandaza, wanageuza. Samaki mbichi wa aina hii karibu robo tatu ya uzito wake ni maji. Akikaushwa mpaka maji yabaki kama asilimia 15, kilo tatu na nusu za mbichi zinakupa kilo moja hivi ya mkavu. Chukua penseli upige hesabu mwenyewe, utaona kwa nini mfuko wa dagaa ni mwepesi mkononi na mzito mfukoni. Kiangazi, kuanzia Mei mpaka Septemba, jua la siku moja zuri linatosha. Masika ni bahati nasibu: wingu likikaa siku mbili dagaa wanaanza kunuka, rangi ya fedha inakuwa ya manjano, na hapo hakuna karai litakalowaokoa.

Kuna wanaoanikwa juu ya mchanga au kokoto, na kuna wanaoanikwa kwenye vichanja, yaani meza za miti zenye wavu juu. Vichanja vinapitisha upepo juu na chini, samaki anakauka pande zote, hapati mchanga. Kwa mboga ya mchuzi tofauti hiyo unaweza kuivumilia, kwa sababu utaosha mara tatu. Kwa kitafunwa cha bia haivumiliki hata kidogo. Punje moja ya mchanga ikigonga jino, sahani nzima imekwisha. Mama ana kipimo chake: anatia ukufi wa dagaa kwenye bakuli jeupe la maji, anazungusha kidole mara mbili, anamwaga taratibu, anaangalia chini ya bakuli. Dagaa wa kwanza niliomletea, niliowanunua njiani bila kuuliza, waliacha chini kitu kama mchele mweusi. Akanirudishia mfuko. "Hawa wapelekee kuku, baba."

Wa pili walipita. Akawaosha upesi kwa maji ya moto, akawachuja, na hapa ndipo pa kusimama kidogo. Hakuwapeleka jikoni. Aliwaanika tena juani kwenye ungo, karibu saa nzima, mpaka wakalia wakichezewa. Mimi nilivyozoea nyumbani ni kuosha na kumwaga kwenye mafuta hapohapo, wakiwa bado na maji. Wanaruka, wanapasuka, wanakurushia mafuta, na mwisho wake unapata dagaa waliokoza nje na kutafunika kama raba ndani. Sababu ni nyepesi. Maji yakiwemo, joto lote la mafuta linatumika kuyageuza mvuke, na samaki hawezi kupanda zaidi ya joto la maji yanayochemka mpaka maji yaishe. Yanapokwisha, ngozi ya nje imeshakaa kwenye mafuta muda mrefu kupita kiasi. Dagaa mkavu hana mgogoro huo. Anahitaji chini ya dakika mbili, wakati mwingine moja.

Vichwa aliwatoa wakubwa tu, pamoja na matumbo, kwa kubana kwa kidole gumba na kuvuta. Uchungu unaolalamikiwa kwenye dagaa unatoka humo, kwenye nyongo na kwenye vichwa vinavyoungua kabla ya mwili kuiva. Wadogo aliwaacha wazima.

Sasa mafuta. Mawese ya Kigoma yanauzwa kwenye chupa za maji ya kunywa, zile za lita moja na nusu, na nilikuwa nimeinunua moja sokoni. Nilipomkabidhi, nikaitikisa kwanza, kama mtu anavyotikisa chupa ya juisi.

"Baba, usiitikise hiyo chupa!"

Alininyang'anya, akaiweka kwenye kivuli cha ukuta, akaniambia tusubiri, akaendelea na mambo yake. Mimi nikakaa nikiitazama. Kwa muda chupa nzima ilikuwa rangi moja, chungwa zito la uji. Baada ya saa kadhaa ikaanza kugawanyika. Juu ikatulia kioevu chekundu kinachopitisha mwanga kama chai ya rangi, chini kikashuka kitu kizito cha manjano, chenye chembechembe kama asali iliyoganda. Mpaka kati yao haukuwa mnyoofu, ulikuwa na mawingu. Chupa nyingine aliyokuwa nayo ndani, iliyokaa siku tatu bila kuguswa, ilikuwa imegawanyika wazi kama bendera.

Hapo ndipo maneno ya mzee wa Mwanga yalipoanza kunielea. Mawese si mafuta ya aina moja. Karibu nusu yake ni mafuta yanayopenda kuganda, nusu nyingine ni yale yanayopenda kutiririka, na kwa jumla mawese ghafi huyeyuka yote yakifika kati ya nyuzi joto 33 na 39. Kinywa cha binadamu kina nyuzi 37 au pungufu kidogo. Yaani mawese yanaishi kwenye ukingo: ndani ya kinywa chenye joto lake yanayeyuka na kuteleza, lakini mwagia juu yake bia iliyotoka kwenye friji ikiwa na nyuzi tano au sita, na ile sehemu inayopenda kuganda inaganda palepale, kwenye kaakaa lako. Nta niliyoihisi ilikuwa mafuta yaliyoganda. Mpishi wa baa alikuwa ametumia mawese mazima, ya juu na ya chini, na mimi nikamalizia kwa kuyagandisha mwenyewe, kwa hela yangu. Mzee aliyekunywa bia ya moto, nyuzi 26 au 27 kwa hali ya hewa ya Kigoma, hakuwa ameyagandisha kwa kasi hiyo.

Mama alimimina ile nyekundu ya juu tu kwenye karai, kwa mkono usiotetemeka, akasimamisha chupa mara lilipofika wingu. Viwanda vinafanya jambo hilohilo kwa mitambo: mafuta mengi ya kupikia yanayouzwa kwenye madumu ya njano ni sehemu ya juu ya mawese iliyotenganishwa na kusafishwa mpaka rangi ikaondoka. Yeye anafanya kwa kivuli na subira.

Karai likapata moto. Anajua mafuta yako tayari kwa kumtupia dagaa mmoja: akizama na kukaa, bado, akizama na kuibuka mara moja na povu dogo pembeni, tayari. Moshi ukianza, umechelewa. Mawese mengine hufuka moshi mapema mno, na kosa linakuwa la shambani. Mikungu ya chikichi ikikatwa huachwa siku kadhaa ili punje ziachie zenyewe bila kazi kubwa, na katika siku hizo mafuta ndani ya tunda yanavunjika yakizaa asidi. Mafuta ya namna hiyo yanakereketa kooni, na yanafuka moshi kabla hayajafika joto la kukaangia. Hilo huwezi kulirekebisha jikoni. Unalinusa kwenye kifuniko cha chupa pale sokoni. Serikali tangu mwaka 2018 imekuwa ikiusukuma mchikichi Kigoma, na kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kinazalisha miche ya aina ya tenera yenye nyama nyingi na kokwa yenye ganda jembamba. Vizuri. Lakini kwa mtu wa karai, mkungu uliokamuliwa mapema una faida kuliko mti mpya ambao matunda yake yamelala wiki nzima chini ya turubai.

Aliwamwaga kwa mikono miwili, kidogo kidogo, wasipunguze joto la mafuta. Akakoroga kwa mwiko wenye matundu. Nikahesabu moyoni mpaka sabini na kitu, akawaopoa wakiwa bado hawajafika rangi niliyoitaka. Nikamwambia bado. Akaniambia watajimalizia wenyewe kwenye ungo, na kweli, ndani ya dakika moja wakaongezeka rangi mbele ya macho yangu. Ukisubiri waive karaini, wataungulia sahanini.

Chumvi ilikuja mwisho, wakiwa bado wa moto, ikasagwa kwanza kwa chupa juu ya kibao mpaka ikawa unga. Ilikuwa ya Uvinza, kutoka kwenye chemchemi za maji chumvi karibu na mto Malagarasi, mashariki ya hapa, reli ya kati inapopita. Wachimbaji wa mambo ya kale walipofukua huko mwishoni mwa miaka ya 1960 walikuta dalili kwamba watu wamekuwa wakichemsha chumvi Uvinza kwa karne 14 au 15. Kwa hiyo samaki, mafuta na chumvi, vyote vitatu vya sahani hii, vimekutana Ujiji muda mrefu kabla hajatokea mtu wa kuleta chupa ya bia. Chumvi ina kazi mbili hapa. Inaleta kiu, hiyo kila mwenye baa anaijua. Ya pili haizungumzwi sana: chumvi inaficha uchungu ulimini, na bia ya kawaida uchungu wake unatoka kwenye hopsi. Kula dagaa mwenye chumvi, kunywa, utaonja utamu wa shayiri ambao kwenye bia tupu ulikuwa umejificha nyuma.

Ndimu haikupita karibu na karai. Ilikatwa ikakaa pembeni na pilipili kichaa, kila mtu akamue kwenye kiganja chake, kwa sababu dagaa aliyekamuliwa ndimu analainika upesi sana.

Mama hakunywa, na hakutaka kujua habari za bia. Ujiji ni mji wa Kiislamu wa zamani. Aliniambia kwa upole: "Bia siijui, baba. Dagaa nawajua." Alinifungia kwenye gazeti mafungu mawili. La kwanza lilikaangwa kwa mafuta ya juu. La pili, kwa ombi langu na kwa mguno wake, kwa mawese yaliyotikiswa. Nikapanda daladala kurudi Mwanga.

Jioni niliagiza chupa mbili, moja ya moto, moja ya baridi. Mhudumu alinitazama mara mbili.

"Kaka, una mgeni?"

Sikuwa na mgeni. Mawese yaliyotikiswa na bia baridi: nta, kama jana. Mawese yaliyotikiswa na bia ya moto: hakuna nta, mafuta yanateleza, ila bia yenyewe inajaa povu na kukosa ule mwasho wa kooni. Mafuta ya juu na bia ya moto: sawa, hakuna cha kulalamikia wala cha kusimulia. Mafuta ya juu na bia baridi: hapo ndipo. Dagaa anavunjika, mawese yanaacha harufu yake ile ya karoti na udongo wenye mvua, bia inaingia kama wembe na kuosha kila kitu, mkono unarudi kwenye gazeti kabla hujauamuru. Utando ulibaki mdogo sana, na ulikuja tu nilipoacha dagaa wapoe.

Mzee alikuwa sahihi kwa sahani ya baa ile. Ila jibu lake lilikuwa la kurekebisha bia, na la Mama lilikuwa la kurekebisha mafuta. Nimechagua la Mama. Asiye na saa tatu za kusubiri chupa itulie afuate la mzee, au atumie yale mafuta ya dumu la njano na akubali kupoteza rangi na harufu.

Vuka mipaka uone wengine walivyoamua. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Wabelgiji walichukua samaki wadogo wa Tanganyika wakawapandikiza ziwa Kivu. Aliyeshika mizizi kule ni Limnothrissa, na leo wanamwita sambaza. Goma na Gisenyi sahani ya sambaza ni rafiki wa kudumu wa chupa ya bia. Lakini wao wanamkaanga mbichi, aliyevuliwa usiku huohuo, mara nyingi kwa kupakwa unga, kwenye mafuta meupe, na bia inashushwa baridi bila madhara. Miaka ya 1967 na 1968 samaki huyohuyo akapelekwa bwawa la Kariba, akaitwa kapenta, akawa kitafunwa cha Wazambia na Wazimbabwe. Bujumbura ni ndagala. Sijui samaki mwingine wa kidole kimoja aliyeenda baa za nchi nyingi kiasi hicho akitokea ziwa moja.

Ninaandika haya nikikumbuka kwamba ziwa lenyewe limewahi kupewa likizo. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Dagaa mkavu ndiye anayevusha baa na nyumba miezi kama hiyo, kwa hiyo mwenye nafasi anunue mapema, awahifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, pakavu, na kila mwezi awatoe juani nusu siku.

Kesho yake asubuhi nilirudi Ujiji kuchukua chupa yangu. Ilikuwa imebaki robo, ile ya chini peke yake, ya manjano, imeganda hata ukiigeuza haimwagiki. Nilidhani ni ya kutupa. Mama alikuwa ameshaitia kijiko, anachota donge kubwa na kulitumbukiza kwenye sufuria ya maharage iliyokuwa ikichemka taratibu na nyanya chungu ndani.

"Haya hayaliwi na kinywaji cha baridi," akasema bila kuniangalia. "Keti, chai iko tayari."